Krapf alikuwa wa kanisa gani?

Hebu nianze na mazishi. Tulimzika mzee mmoja mtaani Bulapesa, hapa Isiolo, na jina lake nitaliacha apumzike nalo. Mzee huyu alibatizwa katika kanisa moja akiwa mtoto, akafunga ndoa katika kanisa lingine, na miaka yake ya mwisho alikuwa akisali katika la tatu, lile la mabati, kwa sababu lilikuwa karibu na miguu yake ilikuwa imeshakataa. Siku ya kuzika, jeneza lilikaa juani zaidi ya saa moja huku wazee wa makanisa mawili wakivutana nyuma ya nyumba. Nani aongoze ibada, na nani apewe sala ya kufunga tu? Mjane ameketi, leso begani, hasemi kitu. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio waliosaidia kuchimba kaburi tangu alfajiri, walikuwa wanatazama chini, wanaona aibu ambayo haikuwa yao.

Jioni nikabaki na swali la kitoto. Haya makanisa yetu yalifikaje hapa, na nani aliamua nani awe wapi? Nikaanza na nyumbani kwetu. Mama ni Mmeru, basi ni Mmethodisti. Baba ni wa Embu, basi ni Mwanglikana. Sijui kama umewahi kuliona hili: wengi wetu tunaamini kanisa tulilichagua kwa moyo, lakini nikikuuliza babu yako alizaliwa sehemu gani, naweza kukisia kanisa lako na nisikosee sana. Wamishonari waligawana nchi kama vile matatu zinavyogawana stejini. Huku wewe, huku mimi.

Nikafuata njia ya kanisa la baba kurudi nyuma, ikanishusha Rabai, karibu na Mombasa, mwaka wa 1846. Nikafuata ya mama, ikanishusha Ribe, mwaka wa 1862, mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka Rabai. Na kwenye milango yote miwili nikamkuta mtu yule yule amesimama. Kumbe mwenyewe si Mwanglikana wala Mmethodisti.

Ni Johann Ludwig Krapf. Unamjua. Ni yule wa swali la mtihani: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, weka alama, endelea na swali linalofuata. Lakini shule ilitupa mlima ikatunyima mtu. Nipe dakika kumi nikupe mtu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, sehemu iliyoitwa Württemberg ambayo leo iko kusini mwa Ujerumani. Familia ya wakulima, Walutheri. Akiwa mvulana wa miaka kumi na moja hivi, jirani alimpiga kwa kosa ambalo hakulitenda, akamuumiza hadi akalala kitandani karibu miezi sita. Kitabu kilichokuwa karibu ni Biblia. Akaisoma. Alipopona akapelekwa shule, na huko akapata ramani ya Afrika ambayo upande wa mashariki ulikuwa karibu mtupu. Mtoto mwingine angegeuza ukurasa. Yeye ule utupu ulimkaa kichwani.

Akiwa na miaka kumi na saba akaingia chuo cha wamishonari cha Basel, Uswisi. Chuo hiki, kilichoanzishwa mwaka wa 1815, hakikuwa cha kanisa moja. Walutheri na wafuasi wa Calvin walikaa benchi moja, wakala meza moja, wakati ambapo nyumbani kwao watu wa pande hizo mbili walikuwa bado wanatazamana kwa jicho la pembeni. Nadhani hapo ndipo Krapf alipojifunza kitu ambacho hakukisahau: kwamba unaweza kufanya kazi na mtu bila kwanza kumaliza ugomvi wa babu zenu.

Halafu akaacha chuo. Ndiyo, aliacha. Alijaa shaka, akaona hafai, akarudi nyumbani. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo hapa nilisimama kidogo nikanywa chai. Baadaye alisoma theolojia Tübingen, akamaliza mwaka wa 1834, akawekwa kuwa mchungaji msaidizi, akahubiri mambo ya mwisho wa dunia hadi wakubwa wakakasirika, akaondoka tena. Ukimwangalia akiwa na miaka ishirini na tano, huyu ni kijana aliyeshindwa mara mbili. Hakuna mtu angempa nafasi.

Waliompa nafasi ni Waingereza. Church Missionary Society, tuliyoizoea kama CMS, ilikuwa chama cha Waanglikana, na ilikuwa na tatizo la kawaida sana: pesa ipo, vijana hakuna. Waingereza wenyewe hawakuwa wanajitokeza vya kutosha kwenda kufa kwa homa. Basi CMS ikachukua Wajerumani kutoka Basel. Mlutheri akalipwa mshahara na Waanglikana, akatumwa kwa jina lao, na hakuna aliyemlazimisha kwanza awe Mwanglikana. Si kwamba walikuwa wamekaa mkutano wakakubaliana juu ya maaskofu na ushirika. Walikuwa na Biblia ile ile, Imani ya Mitume ile ile, na upungufu wa watu. Nafikiri tusidharau huo upungufu. Umoja mwingi wa kweli ambao nimeuona maishani ulianza kwa sababu hakuna upande ungeweza peke yake.

Mwaka wa 1837 akatumwa Ethiopia. Na hapa, msomaji wangu, ndipo mambo yanapoharibika, na sitaki kukuficha.

Ethiopia haikuwa nchi ya watu wasiomjua Kristo. Ilikuwa ya Kikristo tangu karne ya nne, kabla Ujerumani haijawa ya Kikristo. Krapf na wenzake walifika Adwa, Tigray, kwa Waothodoksi waliofunga kwa siku nyingi za mwaka, waliomheshimu Mariamu, waliokuwa na maandiko yao kwa lugha ya Geez. Wamishonari wakaona makosa kila upande. Mariamu, watakatifu, kufunga, yote wakataka kuyanyoosha. Mapadre wa pale wakawaona hawa ni watu wa kuvuruga, na mwaka wa 1838 wakafukuzwa. Padri Mkatoliki aliyefika siku hizo hizo, Giuseppe Sapeto, yeye akaachwa abaki. Hilo Krapf hakulimeza vizuri. Maisha yake yote aliwaona Wakatoliki kama wapinzani, na katika maandishi yake Roma haipati neno zuri.

Kwa hivyo kama ulidhani nakuletea mtakatifu wa umoja, pole. Moyo wake ulikuwa mpana hadi mahali fulani, kisha ukafika kwenye ukuta. Mlutheri, Mwanglikana, Mmethodisti, wote ndani. Mkatoliki na Mwothodoksi, nje. Hapa Isiolo, ambapo kanisa kuu la Mtakatifu Eusebius ni la Wakatoliki na nusu ya rafiki zangu walilelewa humo, ukuta huo si habari ya zamani. Nimeusikia kwenye mazishi. Nimeusikia pia mtu akitaka kuoa.

Baada ya Adwa akaenda Shoa, kusini zaidi, mwaka wa 1839, kwa mfalme Sahle Selassie. Alikaa huko hadi 1842, na huko akakutana na watu waliobadilisha maisha yake: Waoromo. Wakati huo wageni waliwaita Wagalla, jina ambalo Waoromo wenyewe hawalitaki, na tusilirudishe. Krapf aliwapenda kwa namna ya ajabu ya Mzungu wa karne ile. Aliamini wao ndio watakaobeba Injili katika Afrika nzima, akawafananisha na Wajerumani wa kwao, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Akaanza kutafsiri Injili kwa Kioromo.

Sasa simama kidogo. Waoromo ni akina nani huku kwetu? Ni Waborana. Ni jirani yangu anayeuza maziwa ya ngamia stejini. Ni yule jamaa mliyesoma naye. Lugha ambayo Krapf alihangaika nayo kule Ankober ndiyo unayoisikia sokoni Isiolo kila siku, kwa lahaja tofauti. Alipofungiwa njia ya kaskazini, akachukua ramani yake na kuwaza: kama Waoromo wanaenea hadi kusini, labda nitawafikia kwa kuanzia pwani ya Bahari Hindi. Hiyo ndiyo sababu alikuja Mombasa. Hakuja kutafuta mlima. Alikuwa anatafuta mlango wa nyuma wa kuingilia huku. Weka kidole kimoja Shoa na kingine Mombasa, halafu uone barabara ya Moyale inapita wapi.

Kabla ya kufika alikuwa ameshaoa. Mke wake, Rosina Dietrich, alisafiri kutoka Ulaya wakafunga ndoa Alexandria, Misri, mwaka wa 1842. Walijaribu mara moja zaidi kuingia Ethiopia, na katika safari hiyo, nyikani, Rosina akajifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Januari 1844 wakafika Zanzibar, Seyyid Said akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, na Mei wakahamia Mombasa.

Julai ikawa mbaya. Homa ikawashika wote wawili, na Rosina alikuwa mjamzito tena. Akajifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai Rosina akafa, na siku mbili baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi, hawezi hata kusimama vizuri. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi bado lipo. Aliandikia chama chake London kuwaomba walione kaburi lile kama mwanzo wa kazi na wasilifanye sababu ya kuiacha. Mimi nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado sijui nimwonee huruma au nimwogope.

Lakini angalia alichokuwa akifanya mwezi mmoja kabla ya msiba huo, maana hapo kuna kitu kwetu sote. Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Kadhi! Mwanachuoni wa Kiislamu, ameketi na Mlutheri anayelipwa na Waanglikana, wanatafuta Kiswahili cha habari za kuumbwa ulimwengu, habari ambazo wote wawili walizijua tangu utotoni. Hakuna aliyemsilimisha mwenzake. Kazi ikaenda.

Kutokana na miaka hiyo tulipata sarufi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1850. Alishikilia pia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizokuwa zikitumika pwani. Unasoma makala haya kwa herufi hizo. Hili nalo lina pande mbili: mlango ulifunguka kwa wengi wa bara, na kwa kiasi fulani ukafungwa kwa wazee wa pwani waliokuwa na maandishi yao tayari. Kiswahili chake kilikuwa Kimvita, na baadaye Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa sanifu, lakini kazi yake haikutupwa.

Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwingine wa Württemberg, naye wa Basel, naye wa CMS. Agosti mwaka huo wawili hao, wote wakitetemeka kwa homa, wakapanda mlima kwenda Rabai kwa wazee wa Kirabai waliowakubali wakae. Ndiyo Rabai ile ambayo kanisa la baba linaihesabu kuwa nyumbani. Usidhani watu walimiminika. Miaka ikapita. Mmoja wa wa kwanza kabisa kuamini ni Mringe, mtu mlemavu na maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Ukipima kwa mizani ya mahubiri ya leo ya uwanjani, yenye jukwaa na jenereta, Krapf na Rebmann walikuwa hasara tupu.

Mlima nitaupita haraka. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848. Krapf akaenda Ukambani kwa mfanyabiashara mkubwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mawingu yakafunguka akauona mlima ambao Wakamba walikuwa na jina lake tayari. Aliandika jina hilo kama alivyolisikia, na leo ndilo la nchi. Mabingwa wa ramani London, ambao hawakuwahi kutoka London, walicheka: theluji kwenye ikweta? Sisi tukiamka mapema Isiolo, kabla ya vumbi na mawingu, tunauona ule ule kutoka upande wa pili. Mwaka wa 1851 alirudi, msafara ukashambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini akiwa amebeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na ndani ya mfuko wa darubini. Waoromo hakuwafikia.

Afya ikamshinda. Mwaka wa 1853 akarudi Ulaya, na hatimaye akakaa Kornthal, Württemberg. Rebmann akabaki Rabai, akabaki, akabaki, hadi macho yakapofuka, na hakuondoka hadi 1875. Hebu fikiria. Miaka ishirini na tisa.

Sasa tunafika kwenye kanisa la mama.

Krapf aliandika kitabu cha safari zake, na toleo la Kiingereza likatoka 1860. Huko kaskazini ya Uingereza kulikuwa na kikundi cha Wamethodisti, United Methodist Free Churches, waliokuwa wanatafuta mahali pa kuanzisha kazi. Mweka hazina wao, Charles Cheetham, akakisoma kitabu na kumwita Krapf. Sasa jiulize wewe ungefanya nini. Umemzika mke na watoto. Umelipwa miaka yote na Waanglikana. Rafiki yako yuko pale Rabai peke yake, kituo chenyewe kinapumua kwa shida. Halafu wanakuja watu wa dhehebu lingine, ambao wazee wao walitengana na hao hao Waanglikana, wanataka uwaonyeshe njia ya shamba lile lile.

Wengi wetu tungelinda eneo. Nazungumza kama mtu aliyeona kanisa likitoa barua kukataza kanisa lingine lisipige hema karibu nalo. Krapf alikuwa na miaka hamsini na moja, mgonjwa wa muda mrefu, na hakuwaonyesha tu kwenye ramani. Alipanda meli akaenda nao. Alikuwa na vijana wawili wa Kiingereza, Thomas Wakefield na James Woolner, na wawili waliofunzwa St. Chrischona, karibu na Basel. Wakafika Mombasa Januari 1862. Woolner akaugua akarudi. Wale wawili wa St. Chrischona nao wakaondoka. Krapf akawatafutia Ribe, jirani kabisa na Rabai, akakaa nao miezi kadhaa hadi mwili ukakataa, akaondoka mwaka huo huo. Akabaki Wakefield, kijana mmoja, na jirani yake mmoja Rebmann, Mlutheri wa Waanglikana. Huo ndio mwanzo wa Methodisti Kenya.

Naye Wakefield alikuwa na ndoto gani? Waoromo. Aliirithi kutoka kwa mzee. Wamethodisti walihangaika na Mto Tana kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Kisha mwaka wa 1912 wakafungua kazi Meru, na kutoka Meru hadi Isiolo unajua mwenyewe ni mteremko tu. Bibi yangu alibatizwa na wajukuu wa kazi ile. Kwa hivyo ukinihoji kwa nini mama yangu huimba anavyoimba Jumapili asubuhi, jibu fupi ni kwamba kuna mtu mgonjwa ambaye hakuona ubaya kugawa nafasi yake.

Sitaki nikuache ukidhani kila kitu kilikuwa sawa baada ya hapo. Juni 1913, kule Thogoto, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Africa Inland Mission walikutana kuona kama wanaweza kushirikiana kama kanisa moja. Msingi waliopendekeza ulikuwa mdogo na mgumu: Maandiko, Imani ya Mitume, Imani ya Nikea. Mwisho wa mkutano askofu Mwanglikana wa Mombasa akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakashiriki. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, Mwanglikana vile vile, aliposikia alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka maaskofu wenzake washtakiwe kwa uzushi. Kelele zikafika hadi magazeti ya London. Kanisa moja halikupatikana. Kilichopatikana ni muungano wa misheni za Kiprotestanti, na muungano huo ndio ulioanzisha Alliance High School mwaka wa 1926. Neno Alliance kwenye sweta ya mtoto wa jirani yako limetoka hapo. Tulipata shule nzuri badala ya kanisa moja. Na Wakatoliki hawakuwa wamealikwa kwenye hadithi hiyo hata kidogo. Ukuta wa Krapf, bado umesimama.

Ila kuna kitu kimoja kuhusu ukuta huo ambacho kilinifanya nimsamehe kidogo. Kule Kornthal, uzee umeingia, Krapf hakuacha Kioromo. Alikuwa na kazi ya kuchapisha Maandiko kwa lugha hiyo, na Agano Jipya lilitoka St. Chrischona mwaka wa 1876. Unajua nani aliyetafsiri sehemu kubwa? Debtera Zaneb, msomi wa Kanisa la Kiothodoksi la Ethiopia. Mtu wa kanisa lile lile lililomfukuza Adwa, lile lile ambalo Krapf alisema limeharibika. Zaneb akitafsiri Ethiopia, Krapf akisahihisha na kuchapa Ulaya. Na pamoja naye alikuwa amefanya kazi kijana wa Kioromo aliyekombolewa utumwani, ambaye hakuiona siku kitabu kilipokamilika. Sijapata popote kwamba Krapf alibadilisha maneno yake makali kuhusu Waothodoksi. Kichwa chake kilibaki pale pale. Mikono yake ndiyo iliyovuka.

Hapo ndipo mimi huwa nakwama nikijaribu kumweka kwenye sanduku. Ukimsoma alivyoandika, ni mtu wa madhehebu, mkali, mara nyingine hana adabu kwa imani za wengine. Ukimfuata alivyoishi, kila hatua kubwa aliifanya na mtu ambaye kwa karatasi hakupaswa kuwa naye: chama cha Waanglikana, kadhi wa Mombasa, Wamethodisti wa Ribe, msomi wa Kiothodoksi. Wale wazee wawili waliovutana nyuma ya nyumba Bulapesa, wakati wa mvua kubwa na mafuriko niliwaona kwa macho yangu wakibeba magunia ya mahindi pamoja kwenye pikapu moja. Ilipokuja zamu ya kipaza sauti ndipo wakakumbuka kuwa ni wa makanisa tofauti.

Mzee tulimzika saa kumi jioni. Mmoja alisoma Zaburi, mwingine akahubiri, na muda mrefu zaidi tulitupa udongo.

Krapf alikufa Kornthal tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata, naye hayupo. Kornthal alikozikwa ilikuwa jumuiya ya ndugu waliopewa ruhusa na mfalme wa Württemberg waishi nje ya usimamizi wa kanisa la Kilutheri la nchi. Kwa hivyo hata kaburini, ukiuliza alikuwa wa kanisa gani, itabidi ukae chini uelezwe pole pole. Rosina yeye yuko Nyali, ukivuka daraja.

Na Waoromo aliowatafuta kutoka kaskazini, kisha kutoka kusini? Ukishuka basi la Moyale hapa Isiolo alfajiri, wa kwanza kukusalimu pengine atakusalimu kwa lugha yao.